Vitabu vya sauti vya safari na pori: nilivyomsimulia tanboi wangu kutoka Malaba hadi Elegu

LORI LA USIKU (mleta uzi)

Wadau, habari za saa hizi. Mlioko Kampala, Arua, Koboko, Bombo, na nyinyi majirani mnaotuchungulia kutoka Kenya na Tanzania, karibuni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, tutamkuta mbele.

Mimi ni dereva wa lori. Mzigo naupokea Malaba, napita Kampala, nashika barabara ya Bombo, Luweero, Migyera, Karuma hadi Gulu, halafu Elegu mpakani na Sudan Kusini. Ni zaidi ya kilomita 600, na sehemu kubwa naiendesha usiku. Redio ukishaacha mji inaanza kukoroma. Nyimbo za kwenye flashi nimezisikiliza mpaka najua mwimbaji anavuta pumzi wapi. Mwaka jana mpwa wangu aliye chuoni akanijazia flashi vitabu vya sauti vya Kiingereza, vile vya zamani vya safari, wanyama na watu waliobanwa pembeni na dunia. Akasema, "Mjomba, jaribu hivi kabla usingizi haujakutia mtaroni."

Nikaanza na kifupi kuliko vyote, "To Build a Fire" cha Jack London, cha mwaka 1908. Hakifiki saa moja.

Tatizo lilikuwa tanboi wangu, yaani utingo. Ni kijana wa Koboko, ana Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, lakini Kiingereza chake kinaishia kwenye karatasi za forodha. Dakika tano hazijaisha akauliza, "Mzee, huyu mtu analalamika nini humu ndani?" Basi nikawa nasimamisha sauti, namweleza kwa Kiswahili, naendelea. Ndivyo tunavyosikiliza hadi leo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumweleza baridi. Mtu mmoja, hata jina hakupewa, anatembea na mbwa wake huko Yukon, kaskazini mwa Kanada. Baridi ni nyuzi 75 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani karibu 59 chini ya sifuri kwa kipimo chetu. Utamwelezaje mtu wa Koboko? Nikamkumbusha kontena la samaki wa kugandisha tuliwahi kulivuta. Mle ndani ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na aliingia kupanga maboksi akatoka midomo imepauka, akaenda kukumbatia boneti. Nikamwambia, kutoka pale shuka tena nyuzi 40. Ukitema mate yanapasuka hewani kabla hayajagusa chini. Kijana akapandisha kioo cha dirisha. Tulikuwa Nakasongola, jasho linatutoka.

Sasa yule mtu alishaonywa. Mzee mmoja mwenyeji alimwambia baridi ikipita nyuzi 50 chini ya sifuri kwa hicho kipimo chao cha Fahrenheit, usisafiri peke yako. Yeye akamcheka moyoni, akaona wazee wa huko ni waoga. Tanboi akasema, "Asiyesikia la mkuu..." nikamwacha aimalizie mwenyewe, maana mimi nilikuwa sijui mwisho.

Basi anakanyaga maji yaliyofichwa chini ya theluji, analowa miguu hadi nusu ya kufika magotini. Asipokauka miguu itaganda. Anawasha moto, unashika vizuri. Ila ameuwasha chini ya msonobari, kwa sababu vijiti viko hapohapo. Kila akichomoa kijiti mti unatikisika kidogo, na juu kule matawi yamebeba theluji ya siku nyingi. Tawi moja linamwaga, linaangukia la chini yake, nalo linamwaga, hadi yote yanashuka kwa kishindo. Moto ukazimika kana kwamba haujawahi kuwako.

Tanboi akapiga dashibodi. "Chini ya mti! Mtu mzima!"

Yaliyobaki siwamalizii. Kuna njiti 70 za kibiriti zilizowashwa kwa mpigo, kuna mbwa anayetazama mikono ya bwana wake, na kuna wazo baya lililomjia yule mtu kuhusu mbwa huyo. Tulivuka Nile pale Karuma hakuna aliyesema kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hadithi za aina hii zinafaa sikioni kuliko machoni. Kitabu cha karatasi, ukiona baya linakuja, macho yanaruka mistari. Sauti hairuki. Inakupeleka hatua kwa hatua kama yule mtu alivyokwenda, na mikono yako iko kwenye usukani, huna namna ya kufunua ukurasa wa mwisho.

Cha pili kilikuwa "The Call of the Wild", cha mwandishi huyohuyo, mwaka 1903. Huyu bwana aliandika anachokijua: mwaka 1897 alikwenda mwenyewe Klondike, hukohuko Yukon, wakati watu wanakimbilia dhahabu. Kisa ni cha Buck, mbwa mkubwa wa nyumbani kwa hakimu huko California, anayeibwa na kuuzwa kwenda kuvuta sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji. Wengine wanakipenda kwa sababu ya mbwa. Mimi na tanboi tulikipenda kwa sababu ya kuzidisha mzigo.

Nasema kweli! Kuna watu watatu wageni, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wanawanunua hao mbwa wakiwa hoi. Wanapakia sleji mpaka haisogei. Wenyeji wanawaambia punguzeni, wao wanachapa mbwa. Baadaye wanaongeza mbwa wafike 14, bila kupiga hesabu kwamba sleji moja haiwezi kubeba chakula cha mbwa 14. Ninawajua watu hao. Nimekutana nao kwenye kila mizani ya barabara hii, wanabishana na kipimo. Halafu wanalazimisha kupita juu ya barafu iliyoanza kuyeyuka. Buck anagoma kuinuka, anapigwa, mtu mmoja anamwokoa. Wale wengine wanaendelea. Tanboi aliomba nirudishe hapo mara mbili, akisema anataka kusikia barafu inavyokatika ingawa haelewi Kiingereza.

Kwa wanaotaka kuvipata: kuna LibriVox, mradi ulioanza 2005. Watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo haki zake zimekwisha, na unapakua bure kabisa. Chagueni faili za kilobiti 64, siyo 128. Saa moja inakula kama MB 29, na kwa sauti ya mtu anayesoma hutaona tofauti. Kisa cha moto ni kama MB 20. Cha Buck, saa tatu na kitu, ni karibu MB 100. Pakua mjini kwenye waifai, usije ukamaliza bando Kigumba. Na kabla hujapakua, sikiliza dakika tano. Wasomaji hawalingani, vingine kila sura ina mtu wake, mmoja wa Marekani, mwingine anasomea puani, mwingine anasoma kama anakimbizwa. Tafuteni kilichosomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Sauti mbaya inaua kitabu kizuri.

Swali langu: nyinyi mnasikiliza nini? Na kuna yeyote anayevisoma hivi kwa Kiswahili?

---

KAMBI YA MOTO

Natia kambi hapa.

---

MWALIMU WA ARUA

Dereva, heshima yako. Mimi nafundisha sekondari na nimewahi kutumia spika ya sola darasani. Ongeza "White Fang", 1906. Ni safari ya Buck iliyogeuzwa: Buck anatoka nyumbani anaishia porini, huyu mwenye damu ya mbwa mwitu anatoka porini anaishia nyumbani California. Wanafunzi wangu waligombana wiki nzima kuhusu nani kati yao alipata hasara. Mvulana mmoja alisema wote wawili walifundishwa na fimbo, tofauti ni mkono ulioishika. Nikampa alama ambazo sikuwa nimepanga kumpa.

Ila onyo: msichukue matoleo yaliyofupishwa. Wanabakiza mapigano wanatupa njaa, wakati njaa ndiyo hadithi yenyewe. Ile sehemu ya mwanzo ya "White Fang", watu wawili wamebeba jeneza juu ya sleji na mbwa mwitu wanawafuata usiku kwa usiku, mbwa wao wanapungua mmoja mmoja. Ukiifupisha inabaki taarifa ya habari.

Kuhusu Kiswahili, katiba yetu ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Nikitafuta sauti ya kumsikilizisha mtoto, sioni dalili za urasmi huo.

---

MSOMAJI MKOROFI

Naona mnapiga makofi tu. Niulize jambo. Hizi "hadithi za ujasiri" mmezipima? Robinson Crusoe, kitabu cha 1719, kila mtu anasifu miaka yake 28 kisiwani. Alikuwa anakwenda wapi meli ilipovunjika? Alitoka Brazil kwenda pwani ya Guinea kununua watumwa. Hiyo sehemu mnaisikia au mnapandisha sauti ya injini? Na "Mashimo ya Mfalme Sulemani" cha Mwingereza Rider Haggard, ambayo baba zetu walisomeshwa kwa Kiswahili, wazungu watatu wanawatisha Waafrika kwa kupatwa kwa jua, kana kwamba babu zetu hawakuwahi kutazama juu.

---

LORI LA USIKU

@Msomaji Mkorofi umenigusa penyewe, na sikatai. Crusoe tulimsikiliza kati ya Gulu na Elegu. Nilipofika kwenye safari ya watumwa nilitamani kuruka, tanboi asijue. Nikasimulia. Kijana akakaa kimya, akasema, "Kumbe bahari ilimkamata kwa kosa." Kitabu hakikusema hivyo, amesema yeye.

Baadaye Crusoe anamwokoa yule kijana mwenyeji wa kule na kumpa jina la Ijumaa. Tanboi akauliza, "Na jina lake la nyumbani ni nani?" Nikamwambia subiri, litatajwa. Tukasikiliza hadi mwisho. Halikutajwa. Mpaka leo akikasirikia bosi ananiambia, "Mimi leo ni Ijumaa."

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ubaya wake tunausikia. Ukisimulia kwa mdomo wako huwezi kujifanya hukuusoma, msikilizaji yuko pembeni anakutazama. Na hilo la kupatwa kwa jua, mwandishi alijikwaa mwenyewe: toleo la kwanza la 1885 lilikuwa na jua, baadaye akabadilisha likawa la mwezi. Hao wenye kutisha watu kwa mbingu walikuwa na shida na mbingu zenyewe.

---

MSOMAJI MKOROFI

Hapo kwa Ijumaa nimecheka. Endelea, nakaa nyuma ya lori.

---

MTOTO WA BUTIABA

Mzee Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, hamjamtaja, na nusura afie kwetu. Januari 1954 alikuwa kwenye ndege ndogo na mkewe, wanatazama maporomoko ya Murchison, ndege ikagonga waya wa simu ikaanguka. Walilala porini usiku ule. Kesho yake boti ikawachukua hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert. Ikaletwa ndege nyingine iwapeleke hospitali. Ile nayo ikashika moto ikijaribu kuruka palepale Butiaba! Mlango umekwama, akautwanga kwa kichwa mpaka ukafunguka. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake, na alipopona kidogo akawa anasoma tanzia zake mwenyewe. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel, na kwa majeraha hayo hakuweza kwenda Stockholm kuipokea.

Naandika hivi kwa sababu kitabu chake cha mzee na bahari, "The Old Man and the Sea", cha 1952, ni cha mtu anayekataa kushindwa mwili ukishachoka, na miaka miwili baadaye akaja kuyafanya Bunyoro. Bure hamtakipata, haki zake bado zipo Marekani. Hicho cha kununua au cha maktaba.

---

MVUVI KATOSI

Hicho nimesikia, kaka yangu alininunulia. Siku 84 bila samaki! Kwetu siku 10 tu mwenye boti anakutafutia mrithi. Nimevua mbuta kwa ndoano na kamba ya mkono, najua kamba inavyokula kiganja, na mkono wa kushoto unaokakamaa ukauchukia kama si wako. Aliyeandika aliwahi kushika kamba. Mnaosema mzee yule ana wazimu kwa kuongea na samaki, njooni ziwani saa tisa usiku. Wote tunaongea nao.

Papa hatuna. Tuna kiboko, na kiboko hali samaki wako, anakula boti.

---

BINTI BOMBO

Asalaam aleikum wote. Nimesoma uzi mzima nikipika, na nina ugomvi mdogo na mleta uzi, kwa heshima.

Unasema sauti hairuki. Sawa. Lakini sauti ya kwenye flashi pia haisikii. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwa Kinubi uani, sisi tumelala kwenye mkeka, na tukinyamaza sana alikatisha anauliza, "Mmelala au mnaogopa?" Akiona tunaogopa alipunguza fisi. Wa pwani wanaanza kwa Paukwa, wengine wanaitikia Pakawa. Msipoitikia hadithi haiji. Shemeji zangu Waacholi wana wang oo, moto wa jioni, na mtoto aliyeko pale ni sehemu ya hadithi. Huyo msomaji wa Marekani hajui kama tanboi wako ana baridi. Aliyejua ni wewe. Usiiite faida ya kitabu cha sauti, ni faida ya kuwa na mtu pembeni.

Na mimi jirani anaponiuliza nasikiliza nini nikifua, ni Moby-Dick. Ndiyo, mama wa watoto wanne na nyangumi. Saa 24 hivi, karibu MB 700, ilinichukua mwezi na nusu wa kufua.

---

LORI LA USIKU

Waleikum salaam dada. Ugomvi wako nimeushindwa. Umenifanya nifikirie usiku niliosikiliza peke yangu tanboi akiwa likizo: kisa kilekile cha moto, na sikukisikia nusu yake.

Moby-Dick nilikimbia kwenye ile sura ndefu ya aina za nyangumi. Ilivumilikaje?

---

BINTI BOMBO

Sura ya 32 ni ya kupiga pasi. Usiikimbie yote, inakuambia ukubwa wa kitu kinachofukuzwa. Mambo yanapamba moto nahodha Ahabu anapopigilia sarafu ya dhahabu kwenye mlingoti na kusema ni ya atakayemwona nyangumi mweupe kwanza. Kila mtu kwenye meli alikuja kutafuta mafuta, mshahara, aende nyumbani. Kwa sarafu moja na hotuba moja wote wakawa wanalipiza kisasi cha mguu wa mtu mmoja, mguu wa Ahabu uliokatwa na nyangumi huyo.

---

LORI LA USIKU

Huyo nimewahi kumfanyia kazi. Hakuwa na nyangumi, alikuwa na mshindani wake wa biashara. Tuliendesha siku tatu bila kulala ili tumpite.

---

MPANDA MLIMA KASESE

Basi kwa dawa ya Ahabu, chukueni "South" cha Shackleton, 1919, bure pia. Hiki si hadithi ya kubuni. Meli yake Endurance ilibanwa na barafu karibu na Antaktika ikapondwa mwaka 1915. Watu 28 juu ya barafu inayoelea, miezi na miezi. Baadaye anawaacha 22 kwenye kisiwa kitupu, yeye na wenzake watano wanachukua boti ndogo na kuvuka karibu kilomita 1,300 za bahari mbaya kuliko zote kwenda kutafuta msaada. Agosti 30, 1916 akarudi kuwachukua, na wote 28 wa meli hiyo walikuwa hai. Lengo lake la kuvuka bara lilishindikana kabisa, na hakuna anayelikumbuka. Mimi huwa nabeba mizigo ya wageni Rwenzori, na nawajua viongozi wa aina zote mbili. Wa Ahabu utamjua kambi ya pili: anauliza kilele kiko wapi kabla hajauliza nani anakohoa.

---

JIRANI WA MWANZA

Nyie Waganda Kiswahili hiki mmejifunza wapi? Nilikuja kucheka nimekaa kusoma.

---

MWALIMU WA ARUA

Jirani, West Nile tunakisema tangu babu. Njoo ucheke ukiwa umekaa kwenye kiti cha nyuma darasani kwangu.

---

LORI LA USIKU

Wadau, niko Elegu, foleni haisogei tangu asubuhi. Niwape hili kisha nikalale.

Jana usiku madereva na matanboi walikaa nyuma ya trela, wamewasha jiko la mkaa, wanasubiri chai. Nilikuwa juu kwenye kitanda cha lori, wakadhani nimelala. Nikamsikia tanboi wangu anasimulia kisa cha moto. Alichanganya Kiswahili na Kiarabu cha Juba, lakini baridi aliipata vizuri, hata kontena la samaki alilitia. Mate yalipasuka. Mzee akaonya. Maji yakamlowesha yule mtu.

Ila kwenye hadithi yake yule mtu hakuwa peke yake na mbwa. Alikuwa na tanboi. Wakafika penye msonobari, bwana akainama kuwasha, na tanboi akatazama juu akaona theluji, akasema, "Mzee, sogeza moto huku."

Mmoja wa pale akauliza, "Akasogeza?"

Sikusikia jibu, lori la mbele liliwasha injini. Foleni imetembea mita 50. @Binti Bombo, hicho ndicho nilichotaka kukuletea. Wengine nitawajibu nikivuka Nimule.